Mwalimu wa Netiboli na Mabeki wa Spea

Habari ililetwa na Khairunisa, jirani wa nyuma ya ukuta wa jipsamu, na aliileta kama aletavyo habari zote: ameshika sufuria tupu, kana kwamba amekuja kuazima chumvi.

"Shoga, umesikia? Yule mwalimu mpya wa mabeki, huyo Onesmus. Basi kwao alikuwa akifundisha netiboli. Netiboli, shoga. Ya wasichana wa sketi."

Rumaisa alikuwa akigeuza mahamri jikoni, jiko lao la ubia, na mwanawe Irshad kamfunga mgongoni kwa leso.

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu. Na yeye kaambiwa na mlinzi anayelala chumba kimoja na huyo mwalimu. Sanduku lake, kasema, limejaa vizibao vya kike."

"Vizibao vya kike ndivyo vipi?"

"Mie ntajuaje? Vina herufi."

Rumaisa alicheka mpaka hamri moja likaungua. Halafu kicheko kikamkauka, maana yeye katika hiyo timu alikuwa na watu wawili, na wote wawili walikuwa mikononi mwa huyo mwalimu wa netiboli.

Timu yenyewe iliitwa Spea. Ilikuwa ya wauza vipuri vya magari wa Ras Al Khor, huko ughaibuni, watu wa Mombasa na Malindi wengi wao, wakaongezewa walinzi na wapishi kutoka bara ili watimie kumi na moja. Kufunga mabao walijua. Tatizo lilikuwa kwamba kila wakifunga wao, wenzao walifunga zaidi. Jumapili iliyopita walikuwa wamepigwa na timu ya waoka mikate, watu waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja uwanjani na unga ungali kwenye nyusi.

Tundu lilikuwa katikati ya ulinzi, na kila mtu alilijua. Hakuna aliyelitaja, kwa sababu tundu hilo lilikuwa na masharubu na duka la vipuri. Lilikuwa Mzee Nassor, baba yake Rumaisa, beki wa kati tangu timu haijapata jina. Jezi alinunua yeye, mipira ilipakiwa kwenye pikapu yake, na maji ya kunywa yalitoka kwake. Mtu kama huyo humwambii kwamba siku hizi akigeuka, tumbo hugeuka baadaye.

Na nyuma yake golini alisimama Abdulbasit, mume wa Rumaisa, ambaye mchana kutwa aliuza gia boksi katika duka la huyohuyo Nassor. Basit alikuwa amelelewa Malindi, katika nyumba ambayo baba mkwe hainuliwi sauti hata nyumba ikishika moto. Kwa hiyo alipoona mshambuliaji kajificha nyuma ya mzee, alianza vizuri kama alivyofunzwa: "Baba, samahani, nyuma yako kidogo, kama hutojali..." Alipofika kwenye hutojali, mpira ulikuwa wavuni.

Rumaisa aliyaona haya kila Jumapili akiwa nyuma ya pikapu na chupa yake ya chai. Moyoni alikuwa na hofu moja tu, kwamba siku moja mumewe atachoka na adabu, aseme neno mbele za watu. Na likisemwa hilo neno, Ijumaa yake imekwisha.

Maana Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Baba alikuja kula chakula cha mchana katika kile chumba chao cha paatisheni, kilichogawanywa kwa jipsamu, kule International City, magoti yake yakigusa kitanda na mgongo ukigusa kabati. Akishamaliza kula, Irshad aliwekwa mapajani mwake, na mtoto alilala palepale. Hapo yule mzee aliyezoea kuwafokea makuli kutoka mlango mmoja wa ghala hadi mwingine aligeuka mtu mwingine. Mguu ulikufa ganzi asiusogeze. Simu ya mteja ikilia, aliipokea kwa kunong'ona, na mteja wa upande wa pili, asijue kwa nini, naye alinong'ona.

Jumapili ya mazoezi ikafika. Uwanja wao ulikuwa kiwanja cha mchanga nyuma ya maghala, na Onesmus alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa mfupi, mtu wa Mwingi, amevaa buti zake za ulinzi, kwa kuwa alitokea zamu kwenye geti la maegesho ya magari. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, pamoja na Irshad. Kisha akawaomba wenye maduka wamletee mabampa mabovu.

"Mabampa ya nini?" akauliza Nabil. Nabil alikuwa muuza taa, na ndiye kocha mkuu, ukubwa wake ukiwa ni kwamba filimbi ni yake.

"Nijenge nyumba."

Akayapanga yale mabampa mchangani mbele ya goli mpaka yakatokea vyumba vinne. Akamshika beki wa kulia begani.

"Hiki ni chumba chako. Kile ni cha mwenzako. Hapa katikati ni kwa mzee. Wewe unakaa International City, si ndio? Kwa paatisheni?"

"Ndiyo."

"Jirani akipika, unaingia chumbani kwake?"

"Inategemea kapika nini."

"Hapana. Unabaki kwako. Mpira ukiingia kwa jirani, hiyo ni shida ya jirani. Wewe unasogea mpaka mlangoni, unangoja. Na mgeni akija kwako humshiki shati wala humpigi teke. Unasimama mbele yake hivi, mikono nyuma, unamziba macho kwa kimo chako."

"Na asiye na kimo?"

"Anamziba kwa uso mbaya. Wewe hiyo unayo."

Walinung'unika, lakini walisimama vyumbani mwao. Nassor ndiye hakusimama. Mpira ulipokwenda kushoto, akaufuata kushoto. Ulipokwenda kulia, akaruka mabampa kwenda kulia, na lile bampa la mwisho akalivuta kwa mguu kama ng'ombe aliyeondoka na kigingi chake.

"Twacheza mpira hapa ama twapangisha nyumba?" akauliza, akihema.

Na kila alipotoka, nyuma yake palibaki jangwa. Mchezaji mmoja wa mbele akaingia hapo akitembea, akafunga, akarudi akitembea.

Onesmus akapuliza filimbi aliyomwazima Nabil. "Kipa. Ulimwona huyo mtu nyuma ya mzee?"

"Nilimwona," akasema Basit.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Basit alitazama glavu zake. "Nilisema, baba, samahani."

Uwanja mzima ukacheka. Nassor hakucheka, kwa sababu hakuona kosa liko wapi. "Na alisema vizuri," akasema. "Kijana huyu ana adabu. Nyinyi wengine mwapayuka kama mwauza samaki."

Onesmus alimtazama mzee, akamtazama kipa, halafu akatazama kwenye pikapu, ambako Rumaisa alikuwa akimfuta Irshad pua isiyohitaji kufutwa.

"Aah," akasema. "Ni mkwe."

"Ni mkwe," akajibu Nabil, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mechi, na Onesmus alikuja na mfuko wa nailoni. Akaumwaga mchangani. Vilikuwa vizibao vilivyopauka, vinanukia sabuni, kila kimoja kina herufi kifuani. Wachezaji wakatazamana. Mmoja akaanza kutembea kwa maringo, mkono kiunoni.

"Tembea tu," akasema Onesmus. "Yale mnayosema kwenye vyumba vyenu ni kweli. Nilifundisha netiboli, shule ya msingi ya wasichana. Tulikuwa na mpira mmoja, na tulifika mpaka mkoa. Hao wasichana wangecheza na nyinyi leo, mngelia."

Yule wa maringo akaacha maringo.

"Sasa sikieni. Nilikuwa na kasichana ka darasa la tano, ndiye mlinda goli. Mbele yake alicheza binti ya chifu, mkubwa, mnene. Kale kadogo kaliona kila kitu lakini hakakuweza kumwambia binti ya chifu asogee. Tukafungwa, tukafungwa. Nikakaambia: usimwite binti ya chifu. Muite GD, kwa nafasi yake uwanjani. GD ni herufi kwenye kitambaa. GD hana baba."

Akamkabidhi Nassor kizibao cha GD. Kilimshuka mpaka kitovuni, kikakataa kuendelea.

"Chabana," akasema Nassor.

"Kitazoea, mzee."

Rumaisa alikitazama kile kizibao, na nyayo zikamwasha kidogo. Naye aliwahi kukivaa cha aina hiyo, darasa la nne, pekupeku kwenye uwanja wa shule, kabla masomo na michezo havijamwishia. Yeye alikuwa WD, mlinzi wa pembeni. Alikumbuka kwamba kwa muda wa mchezo mmoja mtu angeweza kukuita WD, na wewe ukawa si mtoto wa fulani wala dada wa fulani, bali miguu miwili na macho. Alimmiminia chai Khairunisa, aliyekuja naye kutazama.

Wapinzani walikuwa waendesha pikipiki wa kupeleka vyakula, vijana waliozoea kupenya kila mahali. Dakika za mwanzo tu mmoja akapenya nyuma ya Nassor. Basit akafungua mdomo. "Baa..." akaimeza. Akajaribu tena, sauti ya mtu aliye msikitini. "GD."

Nassor akageuza shingo, kama aliyesikia mtu mwingine akiitwa.

"GD, kushoto."

Nassor akasogea kushoto. Mpira ukamgonga kifuani, ukarudi ulikotoka. Mashabiki, ambao walikuwa wachache na wengi wao wake za wachezaji, wakapiga makofi. Nassor mwenyewe akatabasamu chini ya masharubu. Mpaka mapumziko walikuwa na bao moja, na golini kwao hakikuingia kitu.

Laiti Basit angebaki hapo. Lakini sauti ya mtu ikikaa kifungoni muda mrefu, ikitoka haijui pa kusimama. Kipindi cha pili kilimkuta kipa wa Spea ni mtu mpya. Alipiga kelele kwa WD, akapiga kelele kwa mwamuzi, akampigia kelele paka aliyekatiza nyuma ya goli. Na zaidi ya wote alimpigia GD.

"GD, rudi. GD, umelala? GD, si nimekwambia? Kila siku nakwambia jambo moja, GD, hunisikii. GD, gia boksi za Nissan haziwekwi juu ya gia boksi za Toyota."

Hapo mchezo ukasimama wenyewe. Mwamuzi hakupuliza, lakini mpira ulibaki peke yake mchangani, na kila mtu akamtazama Nassor.

Nassor alishika ncha ya kizibao akakivuta juu, kikakwama mabegani. Akabaki mikono angani, kichwa ndani ya kitambaa, tumbo juani, mpaka mshambuliaji wa wale waendesha pikipiki akamwonea huruma, akaja akamsaidia kukivua. Mzee akakiweka chini. Akatembea hadi kwenye pikapu.

"Shuka, mwanangu," akamwambia Rumaisa.

Rumaisa akashuka na mtoto na chupa ya chai. Pikapu ikaondoka na mzee, na mipira ya akiba, na maji yote ya timu.

Wakabaki kumi. Waendesha pikipiki wakaja mbio kwenye kile chumba kilichobaki wazi, na hapo ndipo jambo lenyewe likatokea. Beki wa kulia alisogea mlangoni. Beki wa kushoto akasogea mlangoni. Aliyeingia alikuta milango yote ina watu, mikono nyuma, nyuso mbaya. Alirudisha mpira. Wakaja tena, ikawa hivyohivyo. Walimaliza mchezo koo zimekauka, hawajafungwa hata bao moja, na hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kufurahi.

Rumaisa ndiye aliyeelewa upesi. Kufokewa, baba yake angesahau. Alikuwa amefokewa na watu wa forodha, na wateja, na kafeel, mdhamini wake wa viza, akarudi nyumbani akala. Kisichosahaulika ni kwamba alitoka, na mlango ukafungika bila yeye.

Na habari hiyo ilimfikia mzee jioni ileile, kupitia mume wa Khairunisa, ambaye hana sufuria lakini ana simu.

Kuanzia Jumatatu dukani kukawa hakukaliki. Nassor alizungumza na Basit kupitia kuli. "Mwambie huyo alete radieta," alisema, na huyo amesimama hapo, hata mkono ungemfikia. Kuli, Mpakistani mstaarabu, aligeuka akarudia kwa Kiurdu, Basit akaleta radieta. Usiku Basit alilala kaelekeza uso kwenye jipsamu.

"Nilianza na mpira tu," alimwambia mkewe. "Wallahi sijui zile gia boksi ziliingiaje."

"Zilikuwa foleni siku nyingi," akasema Rumaisa.

"Atanitoa dukani?"

Siku ya Jumanne baba alituma salamu, kwa kuli huyohuyo, kwamba Ijumaa hii asiwekewe sahani. Atakula hotelini, Al Ras.

Jumatano saa za alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Onesmus, yuko katika sare zake za kazi. Alipoambiwa Basit hajarudi, hakuingia. Alisimama ukumbini, mlango wazi, na Khairunisa akatokea jikoni na sufuria yake kama kawaida, akaanza kusugua pasipo uchafu. Mkono mmoja Onesmus alikuwa na kile kizibao cha GD, kimefuliwa na kukunjwa. Mkono wa pili alikuwa na waipa za gari, mpya, bado zimo kwenye karatasi yake.

"Mwalimu, una gari?" akauliza Rumaisa.

"Sina, Mama Irshad."

"Na hizo je?"

Onesmus alizitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Natoka dukani kwa mzee."

"Ulikwenda kununua waipa?"

"Nilikwenda kumwambia kitu. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza, nikusaidie nini? Nikasema waipa." Akazigeuza mkononi. "Jana nilikwenda pia. Nikatoka na kioo cha pembeni."

Nyuma ya Rumaisa sufuria ilianguka. Khairunisa alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa mtandio.

"Ulitaka kumwambia nini?"

"Kwamba Jumapili hachezi. Na Jumapili nyingine pia. Goti moja limekwisha, na la pili linalisindikiza." Alisema haraka haraka, kama dawa chungu. "Lakini namtaka, Mama Irshad. Namtaka nyuma ya goli, awaongoze mabeki. Yule mzee anaona hatari kabla ya kila mtu. Ni miguu tu inafika kesho. Sasa hilo zuri siwezi kulisema kabla ya lile baya, na lile baya halitoki."

"Si ungemwita GD?"

"Nilijaribu. Nilifungua mdomo, ikatoka samahani, mzee."

Rumaisa aliinamisha kichwa, akacheka ndani ya nywele za mtoto ili mgeni asimwone. Mtu aliyewafundisha wanaume wazima kufokeana chumba chake kimeanza kujaa vipuri na hana gari.

"Na Nabil? Si yeye ndiye kocha mkuu?"

"Amezima simu."

Kicheko kilipomwisha, Rumaisa alisema lile alilokuwa akiliogopa. "Mwalimu, ukimwambia hivyo, na hasira alizo nazo, si atazimwaga kwa mume wangu? Viza yake ni ya duka. Na mimi sina baba mwingine wa kumlisha Ijumaa."

Onesmus alizisogeza waipa kwapani, akakinyoosha kizibao kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha sare ya mtoto wa shule.

"Kosa la Jumapili ni langu," akasema. "Nilimpa kijana sauti, sikumpa mzee kitu. Akipata mahali pake pa kupigia kelele, za Basit atazisahau. Namjua mtu wa namna hiyo, binti ya chifu alikuwa hivyo. Lakini asiambiwe dukani, mbele ya makuli. Aambiwe hapa."

"Amesema hatakuja."

"Atakuja ukimwambia mjukuu anamtafuta. Si uongo. Mtoto wa umri huu hutafuta kila mtu." Akamtazama Irshad, na Irshad akazitazama waipa. "Basit awepo, mimi nitakuja na kizibao. Nitasema mwenyewe, sitakutuma wewe neno hata moja. Ila nakuomba kitu kimoja, Mama Irshad."

"Sema, mwalimu."

Onesmus alishusha sauti, ingawa kule jikoni usuguaji ulikuwa umekoma kabisa.

"Kabla sijafungua mdomo, mweke huyu mtoto mapajani mwa babu yake. Na tafadhali, uhakikishe amelala."